Kuelekea Saumur

Jumamosi iliyopita mnyororo wa baiskeli ya binti yangu ulichomoka tukiwa kwenye njia ya ufukweni, karibu na pale mto Umgeni unapoingia baharini. Niliinama nikaurudisha kwenye meno yake. Nilipoinuka vidole vilikuwa vyeusi, na ile harufu ya grisi iliyopikwa na jua ikanijaa puani. Binti yangu alikuwa akiniambia jambo kuhusu aiskrimu. Sikumsikia. Kwa dakika nzima nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimesimama kando ya barabara nchini Ufaransa, naitukana baiskeli ya watu kwa Kiswahili, kwa Kizulu na kwa Kifaransa, na saa zinanipita.

Wenzangu wakisikia kwamba nilifika Ufaransa nikiwa mtoto, tena nikazungushwa kwa baiskeli mashambani siku nzima, mizabibu huku na mto huku, huniambia, "Eish, wewe ulikuwa na bahati." Wanasema kweli. Ilikuwa siku nzuri, labda nzuri kuliko zote ambazo mtu mzima angeweza kumpa mtoto wa mwenzake. Mimi niliichukia tangu asubuhi mpaka jioni, na hata leo nikiikumbuka nakaza meno.

Tuliishi katikati ya jiji la Durban, ghorofa ya tano, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Maman alikuwa akisuka nywele kwenye salon iliyokuwa chini ya jengo letu, yeye na wanawake wengine watatu wa Kongo, na ukipanda ngazi ulizisikia sauti zao mpaka ghorofa ya pili. Alitoka Uvira akiwa na mtoto mmoja. Mtoto huyo ni yaya yangu Neema, dada yangu mkubwa, aliyenizidi miaka tisa. Mimi nilizaliwa hapa hapa, na baba aliondoka kabla sijajua kusema, kwa hiyo maman akiwa kazini aliyenilea ni yaya Neema. Ndiye aliyenifunga viatu siku ya kwanza ya shule. Ndiye aliyenifundisha baiskeli pale ufukweni, kwa baiskeli ya kuazima, akikimbia nyuma yangu ameshika siti na kunidanganya kwamba bado ameishika.

Nilipofika miaka kumi, yaya Neema alichumbiwa na kijana wa kwetu aliyekuwa na makaratasi ya Ufaransa, akaondoka. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Alisema anasomea uuguzi. Kisha simu zikawa za mwezi kwa mwezi. Kisha ukaja mzigo mmoja wa posta, sweta mbili na viatu vilivyonibana, na nyuma yake jina na anwani kwa mwandiko wake wa kulala: namba tisa, mtaa fulani wenye jina la mtakatifu, mji wa Saumur. Baada ya hapo, kimya. Ukiipiga namba yake, sauti ya mwanamke ilikuambia kwa Kifaransa kwamba namba hiyo haitumiki. Maman alimpigia mwanamke yule kila siku, akamsikiliza mpaka mwisho, kana kwamba iko siku angebadilisha maneno.

Shule yetu ilikuwa na urafiki na shule moja ya Ufaransa, na mara moja moja watoto wachache walichaguliwa kwenda kukaa wiki mbili kwenye nyumba za watu kule. Mwaka ule nilichaguliwa mimi, kwa kuwa Kifaransa changu kilikuwa cha nyumbani, si cha daftarini. Mwalimu alipotandaza ramani kutuonyesha tutakakolala, mimi nilitafuta Saumur. Niliuona. Kati ya kijiji nilichopangiwa na Saumur palikuwa na upana wa ukucha wangu.

Nilishuka kwenye taksi, kama tunavyoyaita mabasi madogo ya kwetu, nikakimbia mpaka salon. Maman alikuwa na kichwa cha mteja mikononi. Alimwachia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo.

"Sikia, mtoto yangu," alisema. "Ukifika kule, mtafute yaya yako. Umwambie mama hana hasira. Neno hilo tu."

"Iko mbali na kwenye nitalala?"

"Mbali wapi? Si iko Ufaransa ile ile."

Kisha akanivuta karibu, akashusha sauti, ingawa wale wenzake wote walikuwa wetu. "Na usiwaambie wale watu mambo ya kwetu. Hatujui makaratasi ya yaya yako iko namna gani. Unaweza kusema neno moja tu, wakamfukuza. Umesikia?"

Nilisikia. Hilo ndilo jambo moja ambalo sisi tuliokulia katika vyumba vile tulilisikia vizuri. Hatukuambiwa tuogope nini hasa. Tuliambiwa tufunge mdomo, nasi tukaufunga. Siku ya safari maman alinipa kitenge kipya cha kumpelekea, cha rangi ya majani mabichi, akakikunja kidogo kidogo mpaka kikawa kama kitabu.

Walionipokea ni Gérard na Hélène, walimu wote wawili, watu wa makamo, pamoja na binti yao Clémence aliyekuwa wa umri wangu. Mtoto wa kwetu hamwiti mtu mzima kwa jina tupu, kwa hiyo niliwaita tonton Gérard na tantine Hélène, yaani mjomba na shangazi. Walicheka, wakapenda, wakayapokea majina hayo. Walikuwa watu wema. Nalisema mapema kwa sababu nitakayoyaeleza yatawafanya waonekane vingine, na kosa halikuwa lao.

Wiki ya kwanza ilipita madarasani na kwenye majumba ya makumbusho. Kila siku nilijiambia kesho, na kila kesho ilikuwa na ratiba. Ndipo Alhamisi, tukiwa mezani, tonton Gérard akasema, "Jumamosi tutapanda baiskeli, sote wanne. Tutaufuata mto, vers Saumur."

Neno hilo, vers, maana yake ni upande wa, kuelekea. Mimi nililijua, nilishaliandika kwenye mtihani. Lakini siku ile sikio langu liliruka juu yake likatua kwenye Saumur, na nilichosikia kilikuwa: Jumamosi tunakwenda mpaka Saumur. Niliangusha uma.

Jumamosi niliamka jua halijatoka. Nilikaa kitandani nimevaa viatu, kitenge kimo ndani ya mfuko, anwani imo kichwani. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Tukifika mjini nitasema nataka chooni, nitauliza mtaa, nitagonga namba tisa, nitasema neno la maman, nitarudi. Robo saa ingetosha.

Saa moja ikapita. Saa mbili ikapita. Saa tatu tonton Gérard alikuwa bado yupo uani anajaza upepo matairi, akiimba. Mimi nilipewa baiskeli ya kijani iliyokuwa ya kaka yake Clémence, nzito kama kitanda, yenye gia tatu na moja tu iliyokubali kuingia. Niliweka mfuko wangu kwenye kikapu cha mbele.

"Kuna nini humo?" tantine Hélène aliniuliza.

"Nguo ya kubadilisha."

Hatimaye tukaondoka. Dakika kumi baadaye tukasimama. Kulikuwa na duka la mikate, na tonton Gérard alitaka mkate wa duka lile, si wa duka la kijijini kwao, na mwenye duka alikuwa rafiki yake, na mke wa mwenye duka alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, ikabidi goti lizungumziwe. Tukapanda. Tukasimama tena: kulikuwa na ndege mweupe wa miguu mirefu amesimama majini, na tonton Gérard alimpiga picha, akasubiri ageuke, akampiga nyingine. Ndege yule alikuwa na haraka kuliko sisi.

Barabara ilipita chini ya mwamba mweupe, na ndani ya mwamba kulikuwa na milango, madirisha yenye mapazia, hata mabomba ya kutolea moshi. Nyumba zilizochimbwa ndani ya jiwe. Nilimwuliza Clémence watu wale wanajificha wasionwe na nani.

"Hawajifichi," alisema. "Wanaishi tu."

Sikumwamini. Nilijua kwamba watu wanaojificha hujibu hivyo hivyo. Nilianza kufikiri labda yaya Neema naye anaishi ndani ya jiwe, na kwamba ndiyo sababu simu yake haishiki.

Leo naelewa walichokuwa wakinipa. Kulikuwa na alizeti shamba zima, zimegeuzia nyuso upande mmoja kama watu kanisani. Kulikuwa na harufu ya majani yaliyokatwa, na mto mpana usio na haraka, wenye visiwa vya mchanga katikati. Hapakuwa na honi wala king'ora, wala kondakta wa taksi akipiga mluzi. Mtu mwingine angelipia siku kama ile. Lakini kwetu safari ni kufika. Maman alipotusimulia alivyotoka Uvira, hakuwahi kutaja ua. Alitaja vituo, na kituo kilikuwa mahali pa hatari unapotakiwa kuondoka upesi. Sasa hapa palikuwa na watu wazima wenye akili, wenye miguu mizima, wanasimama kwa kupenda! Nilidhani tonton Gérard ana ugonjwa wa moyo na wenzake wanamficha.

Mahali panapoitwa Cunault tuliingia kanisani, kanisa la kale sana, baridi kama friji. Mtu alikuwa akifanya mazoezi ya kinanda. Walikaa kwenye benchi wakafumba macho. Nilihesabu mawe ya sakafuni. Nje nilikuwa nimeona kibao: Saumur, kilomita kumi na mbili. Nilipiga hesabu: kwa mwendo wetu, tungefika Jumanne.

Kisha chakula. Sijawahi kuona watu wakila hivyo nje ya arusi. Chini ya miti mirefu kando ya mto walitandaza kitambaa cha meza chenye miraba, wakatoa glasi za kweli zilizofungwa kwenye taulo, visu, chumvi katika kichupa chake. Tonton Gérard alikata jibini kana kwamba anaifanyia upasuaji. Waliongea juu ya jibini. Waliongea juu ya jibini nyingine, ambayo haikuwepo. Mimi nilimaliza mkate wangu kwa dakika tatu, nikafunga mdomo wa mfuko wangu, nikafungua, nikafunga. Saa nane ikapita. Tonton Gérard alijilaza chali, akaweka kofia usoni, akalala.

"Tantine," nilisema, "tunaondoka saa ngapi?"

"Kwenda wapi, kipenzi?"

"Saumur."

"Ah, hapana. Tunageuzia hapa. Na joto hili! Tutarudi kwa njia ya juu, kwenye mizabibu, taratibu."

"Lakini tonton alisema Saumur."

"Alisema upande wa Saumur." Aliweka kitabu chake chini akanitazama vizuri, kwa upole, kama mwalimu anayeona mtoto anataka kulia. "Kuna nini Saumur?"

Nimeishi na swali lile miaka mingi. Aliniuliza. Mwanamke mzima, mwenye gari nyumbani, mwenye simu mkononi, aliniuliza kwa sauti nzuri kuna nini Saumur. Ningesema, dada yangu. Maneno mawili. Angemwamsha mumewe, na ndani ya saa moja ningekuwa mlangoni. Lakini nilimwona maman kwenye kioo cha salon, akisema neno moja tu, wakamfukuza.

"Ngome," nilijibu. "Nataka kuona ngome ya Saumur."

Akatabasamu. "Tutakununulia kadi yenye picha yake."

Nilisema nakwenda kunawa mikono. Niliichukua baiskeli, mfuko umo kikapuni, nikaisukuma polepole mpaka nyuma ya miti, kisha nikapanda. Nilikanyaga kama ninayefukuzwa na mbwa.

Kilomita ya kwanza nilikuwa nacheka. Ya tatu mapaja yakaanza kuuma. Ya tano au ya sita, kwenye kilima kidogo, mnyororo ukachomoka na miguu ikazunguka bure. Sikuwahi kurudisha mnyororo maishani mwangu. Niliuvuta, ukanibana kidole, nikauvuta tena. Gari moja lilipunguza mwendo, mwanamume akauliza kama nahitaji msaada, nikampungia mkono aende, maana alikuwa mgeni, na wageni hawaambiwi kitu. Ilinichukua muda mrefu. Nilitukana lugha zote nilizozijua. Ulipokubali kuingia, mikono ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, na nilikuwa nimejifuta machozi na grisi imeenea usoni.

Kisha, baada ya kona, nikaiona ngome. Kumbe ilikuwa ya kweli, nyeupe, ina minara yenye ncha, imekaa juu ya mji kama keki. Chini yake mapaa, na daraja. Nilikipita kibao chenye jina la mji. Nilikuwa Saumur. Nilianza kurudia neno la maman kwa sauti, nisilikosee: mama hana hasira, mama hana hasira.

Mbele yangu kukatokea mzunguko wa magari. Durban magari hupita kushoto. Kule hupita kulia. Siku nzima nilikuwa nimefuata mgongo wa tonton Gérard, kwa hiyo sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Niliingia kwenye mzunguko kama mtoto wa Durban, kushoto. Honi ikalia. Gari dogo la buluu lilikuja moja kwa moja kwangu, likayumba, nami nikageuza usukani nikaanguka kwenye lami. Goti lilichanika. Kitenge kilitoka mfukoni kikafunguka barabarani.

Dereva alishuka, bibi mwenye nywele nyeupe. Alinivuta mpaka pembeni, akanikalisha kwenye ukingo wa njia, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Mama yako yuko wapi?"

"Durban."

"Durban ni mtaa gani?"

Nilimwomba aniachie. Nilimwambia nina haraka, nimebakiza kidogo tu. Hakuniachia. Alisema damu inatoka, alisema polisi, na niliposikia neno polisi nikanyamaza kabisa. Nilikaa pale nikiutazama mji. Watu walikuwa wakitoka dukani na mifuko. Mwanamke yeyote mweusi aliyepita mbali nilimkazia macho mpaka apotee.

Sijui tulikaa muda gani. Nilichokiona baadaye kilinishangaza kuliko ngome: tonton Gérard anakuja, peke yake, amesimama juu ya pedali, shati limelowa, uso mwekundu kama nyanya. Mtu niliyemdhania mgonjwa wa moyo alikuwa amekata kilomita zile zote kwa mwendo ambao sikudhani anao. Aliitupa baiskeli yake chini. Nilijikunja nisubiri kofi. Hakunipiga. Alipiga magoti akanishika mabega.

"Ningemwambia nini mama yako?" alisema. "Niambie. Ningemwambia nini?"

Akauliza kwa nini, mara mbili, mara tatu. Nilikuwa na jibu mdomoni na mdomo haukufunguka. Mwishowe alikaa karibu nami kwenye ule ukingo wa njia, akapangusa jasho. "Basi itazame," alisema. "Ngome yako. Itazame mpaka utosheke." Tukaitazama. Mimi nilikuwa nahesabu mitaa chini yake. Miaka baadaye nilipima kwenye ramani ya simu: kutoka pale tulipokaa mpaka namba tisa haifiki kilomita moja.

Rafiki yao alikuja na gari kutuchukua. Mwalimu wetu aliambiwa, na siku zilizobaki sikuruhusiwa kutoka bila mtu mzima. Siku ya kuondoka nilimpa tantine Hélène kile kitenge, kimefuliwa, nikasema ni zawadi kutoka kwa maman. Alilia kwa furaha. Nilimpa kwa kuwa sikuweza kurudi nacho.

Maman alikuja uwanja wa ndege moja kwa moja kutoka kazini, nyuzi za rasta bado zimenasa kwenye sweta yake. Hakuniuliza habari ya safari. Hakuona hata goti.

"Ulimuona?"

Nilimtazama. Alikuwa amepaka mdomo rangi, jambo ambalo hakulifanya siku za kazi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza juu ya mkate, goti la mke wa mwenye duka, ndege, jibini, mnyororo, yote. Nilifungua mdomo nikasema, "Ndiyo, maman. Nilimuona."

Alikaa juu ya sanduku langu pale pale, watu wanatupita. Kisha maswali yakaanza, na kila swali nililijibu. Ulifika kwake na nini? Na baiskeli. Amekonda? Hapana. Aliuliza mimi? Sana. Na kwa nini hapigi simu? Simu yake iliibiwa, namba zote zikapotea, lakini nimemwandikia yako kwenye karatasi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kama ningesema tu kwamba yu mzima, pengine maman angepumzika. Mimi nilimpa kitu cha kungojea. Kuanzia siku ile simu haikutoka mkononi mwake. Aliiweka mapajani akisuka, akaiegemeza kwenye sahani akila. Mwezi ukapita, akanipa kalamu: "Andika namba yangu, nione." Nikaandika. "Ndivyo ulivyomwandikia? Hukugeuza saba?" Niliandikishwa namba ile mara nyingi kuliko jina langu. Nilikuwa nikikasirika, nikimfokea mama yangu, naye akidhani ni ujeuri wa umri. Nilikuwa nimemkasirikia tonton Gérard, jibini yake, ndege wake, yaya Neema, na neno vers. Nilikuwa nimejikasirikia mimi.

Ilipita zaidi ya mwaka. Jumapili moja tumetoka kanisani, simu ikalia, namba ndefu. Yaya Neema alisema ameipata namba ya maman kwa mtu wa kanisa moja kule. Maman alipiga kelele, akaweka spika ili jengo zima lisikie. Walilia wote wawili. Maman akamwambia kwa kinywa chake kwamba hana hasira. Kisha, akijifuta pua, akasema, "Lakini kwa nini ulikawia hivi, Neema? Na mdogo yako alikupa namba siku ile alikuja kwako na kinga."

Kinga ndiyo baiskeli kwa Kiswahili cha kwetu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika sufuria. Nilisikia pumzi ya dada yangu ikitoka kule mbali, nikasubiri aseme, kinga gani, maman?

"Ndiyo, maman," yaya Neema akasema. "Alikuja. Ile karatasi niliipoteza. Unisamehe."

Hatukulizungumza tena, yeye na mimi. Kila alipopiga simu maman alikuwepo, na baadaye nilipokuwa na simu yangu mwenyewe sikujua ningeanzia wapi. Mwaka huu maman amefariki, na yaya Neema amekuja kuzika. Ni mara yake ya kwanza kurudi. Juzi mchana tulikuwa tukikunja nguo za maman, hizi za kugawa, hizi za kubaki, na binti yangu akaja kunionyesha vidole vyake, kwamba grisi ya Jumamosi bado haijatoka kwenye kucha. Alipokwenda zake, yaya Neema akasema bila kuinua kichwa, "Ulifika wapi, ile siku?"

Nikamwambia. Mpaka kwenye mzunguko, chini ya ngome.

Alifumba macho. "Yule bwana aliyenipeleka Ufaransa alikuwa ameshaniacha. Uuguzi ulikuwa uongo. Nilikuwa nasafisha vyumba vya hoteli, na Jumamosi natoka saa nane. Ungefika ungenikuta nyumbani." Akakunja blauzi moja mara mbili. "Lakini singekufungulia. Ningekuangalia dirishani mpaka uondoke. Sikutaka maman ajue nilivyokuwa."

Sijui nilitaka kumpiga au kumkumbatia. Niliitupa nguo niliyoishika. Nilimwambia niliendesha baiskeli ile mbovu mpaka nikatoka damu. Nilimwambia maman alilala na simu mwaka mzima. Nilisema mengi, na kwa sauti, na yeye alinisikiliza, akaokota ile nguo, akaikunja.

"Sasa niambie," alisema nilipomaliza. "Miaka yote hii maman akipiga simu anataja ile siku. Neema, unakumbuka ile siku? Na mimi najibu ndiyo maman, ndiyo maman, sijui lolote. Tulifanya nini?"

Nilikaa kitandani kati ya marundo ya nguo, nikamweleza kama nilivyomweleza maman. Kwamba nilimkuta anafua, akapiga kelele mpaka jirani akatoka. Kwamba alinipikia wali na samaki, akaniosha mikono kwa sababu ilikuwa na grisi. Kwamba alinisuka mistari minne, harakaharaka, wenyeji wangu wakinisubiri nje, na kwamba chumba chake kilikuwa na dirisha linalotazama mto.

"Nililia?" aliuliza.

"Ulilia sana. Tulilia wote wawili."

Yaya Neema aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekumbuka.